Hesabu ya Usiku, Rochdale

Saa mbili nafunga mlango wa duka la kufulia,
nageuza kibao, nazima namba saba yenye kikohozi,
kisha kwa ufunguo mdogo
nazitapisha mashine, moja moja, zote kumi na moja,
kwenye beseni la bluu.

Mama anatazama kulia. Mwana anatazama kushoto.
Ndiyo desturi ya huku, kaniambia Bwana Entwistle:
anayerithi humpa kisogo aliyemtangulia.
Nikiwapanga hivi, wamenuniana.
Nikiwabadilisha nafasi, wanatazamana
kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta
na hawakumbuki nani anamdai nani.

Namba nne haimtaki mwana.
Ukimtia, anateremka kwenye kikombe cha chini: tang.
Ukimtia tena: tang.
Fundi kasema ni ya zamani, haijafundishwa.
Keeley, muuguzi, na mifuko yake miwili ya sare,
alicheka mpaka akakaa sakafuni.
"Hatimaye," alisema, "mtaa huu umepata mwenye msimamo!"

Bwana Entwistle alikuwa anakunja shuka, pembe kwa pembe,
taratibu, kama bendera iliyotoka juu ya jeneza.
Nimeendesha basi miaka thelathini na mbili, alisema,
serikali nimeziona zikipanda na kushuka
kama abiria wasio na nauli.
Mke wangu alikufa Novemba. Sikukuu ile ya taji
tulikula naye keki katikati ya barabara,
meza za kukunja, mvua, vibendera vikavujia rangi kwenye krimu.
Nitajie kitu kingine kilichotukalisha meza moja.

Keeley alitazama sare zake zikizunguka.
"Keki nakubali," alisema. "Bili je?"

Wote wawili wakanigeukia mimi,
maana natoka kulikokuwa na sultani.
Nikasema: pauni nne, sabuni mbali.

Bibi yangu Kazija alifua mashuka ya kasri, Unguja.
Alijua alfajiri, kabla ya mawaziri,
nani kajikojolea kwa uzee,
nani katokwa damu ya pua, nani kalala peke yake.
Hakumtaja mtu. Alisema tu:
shuka la mfalme hutakata kwa majivu yaleyale.

Kisha taji likavuka maji, ikaja Jamhuri,
neno zuri, lenye kujaa mdomo,
na waheshimiwa wakamletea mashati.
Akasugua kola. Akasugua kwapa.
Baadaye yakaja mashati madogo, ya watoto wao,
na watoto wakakua, wakakaa viti vya baba zao
kwa kipimo kilekile cha shingo.
"Mjukuu wangu," aliniambia,
"taji lilikuwa na adabu moja:
lilionekana kichwani."

Sijui. Wanasema cheo ni koti la kuazima.
Hapa ukutani nina makoti manane yaliyosahauliwa.
Moja la kijani, vifungo vya dhahabu ya uongo,
limening'inia miaka mitatu; mwenyewe harudi,
nami sithubutu kulitupa
wala kulivaa.

(Jana nililivaa. Lilinibana mabegani.
Nikalirudisha upesi, kana kwamba mtu kaniona.)

Mia moja arubaini na tatu, na peni ishirini.
Kesho benki haitauliza nani anatazama wapi.
Namba nne nimeibandika karatasi kwa mwandiko wangu:
SARAFU ZA MALKIA TU.
Bwana Entwistle ataisoma, atavua kofia.
Keeley atataka kuongeza neno.
Kalamu nimeiacha hapohapo,
nimeifunga kwa uzi.